Ngozi Aliyoikataa Hasina

Hapana, Nanjala, haikuwa macho. Mtu yeyote wa Busia atakwambia macho, macho ya Hasina binti Chande, na mimi sikatai, yalikuwa macho ya kumfanya karani wa mpakani asahau kuuliza kipande cha kitambulisho. Lakini umeniuliza mapenzi ilianzia wapi, na mimi nakujibu ukweli. Ilianzia kwa mikono. Na ilianza siku ile alinifukuza.

Ngoja nianze vizuri nisije nikakuchanganya. Wakati huo nilikuwa naitwa Wesonga tu. Hili jina la Ayub nilipata baadaye, siku nilipokubali dini ya nyanya yako. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, kifua hivi, si hii mifupa unaona sasa. Nyumbani kwetu kulikuwa kando ya mto Sio, pale unapokaribia kuingia ziwani, na ukiamka asubuhi kitu cha kwanza kukusalimia ni harufu ya omena, hao dagaa wa ziwani. Lakini baba yangu, Mzee Paulinus, hakuwa mvuvi. Yeye alikuwa mwindaji wa fisi maji.

Nyinyi wa siku hizi hamjui fisi maji. Ni mnyama mwembamba, mrefu, kichwa kama cha paka mwenye kiburi, anaishi kwa matete na anakula samaki. Manyoya yake, mama yangu, ukiyagusa mkono haurudi. Wazungu walikuwa wanayataka kwa makoti na mikoba. Na wavuvi walikuwa wanatupenda, kwa sababu fisi maji akiingia kwa nyavu anakula anachotaka, anapasua, anaenda zake. Mama mwenye watoto sita anaamka anakuta wavu ni matundu matupu. Kwa hivyo usitufikirie vibaya. Hizo ngozi ndizo zilisomesha dada zangu.

Baba aliwinda kwa mkuki, kama baba yake. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, pigo moja. Ukimpiga mnyama mara mbili wazee wanakucheka mpaka mwaka unaisha. Ya pili, kutoka mwezi wa tisa mpaka Krismasi, wakati majike wananyonyesha, mkuki unachomekwa kwa paa, na hakuna mtu anaugusa hata kama nyumbani hakuna chumvi.

Sasa mimi nikajiona mjanja. Nilikuwa na rafiki, Omagor, fundi wa baiskeli kule Malaba, Mteso kwa kabila, mtu wa kuchekesha sana. Yeye ndiye alinipa waya za breki, zile zimechoka. Unafanya kitanzi, unaweka kwa njia yao ndani ya matete, unaenda kulala. Hakuna kuvizia, hakuna baridi, hakuna mkuki. Mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na tano, baba akiwa amechomeka mkuki kwa paa, mimi nikaweka waya zangu kimya kimya, nikapata ngozi moja, nikaifunga kwa kerea ya baiskeli, nikapanda mpaka Busia.

Mnunuzi alikuwa Mzee Chande. Baba yake Chande alitoka Ujiji na mizigo ya watu, mama yake alikuwa Mnubi wa Kisumu, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa na sisi miaka thelathini, anaongea Kisamia kuliko wewe. Stoo yake ilikuwa nyuma ya soko. Mtu mnene, kofia nyeupe, hapendi utani kwa kazi. Siku hiyo alikuwa ameenda msikitini. Nikamkuta msichana peke yake, amekaa kwa kigoda, amejifunga leso mbili, mikono imelowa chumvi ya ngozi.

Nikamsalimia, nikampa ngozi, nikasimama vile vijana wanasimama. Yeye hakuniangalia. Hata ngozi hakuiangalia. Alifunga macho, akapitisha vidole upande wa nyama, pole pole, kutoka shingoni kwenda mkiani. Baba yake ndiye alimfundisha hivyo tangu mdogo. Vidole ndivyo vinasoma. Huyu alipigwa rungu, huyu alizama, huyu ni mzee, huyu alikuwa na kidonda kikapona. Vile vidole vikafika tumboni, vikasimama. Akafungua macho.

"Huyu ni nini?" akauliza.

"Dume."

"Dume lenye maziwa?"



Akageuza ngozi, akanionyesha chuchu zimevutwa, zimekuwa ndefu. Halafu akanionyesha mguu wa nyuma, pale ngozi imekatwa mviringo kama bangili. "Hapa alivuta," akasema. "Alivuta sana. Labda usiku wote. Na kuna watoto mahali."

Nikamwambia dada, mimi nimetoka mbali, kama bei ni kidogo sawa, nipe hiyo kidogo.

"Sikupi kidogo, sikupi kubwa. Beba ngozi yako, kaka. Na usiniletee tena uongo hapa, mimi si mtalii."

Kulikuwa na Waganda wawili pale mlangoni wanangoja kuuza ngozi za mbuzi. Mmoja akasema, "Pole, ssebo," yaani pole bwana, na mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta. Nikabeba ngozi yangu. Nikarudi kwetu Sio Port, maili ishirini na kitu, nikiwa na hasira ya kutafuna mawe. Na katikati ya hasira, Nanjala, naona tu vile vidole.

Asubuhi yake nikaenda kwa matete kuangalia waya zangu. Nikasikia mluzi. Fisi maji wanaitana kwa mluzi, mwembamba, kama mtoto anajifunza kupuliza. Walikuwa wawili, wanaita, wananyamaza, wanasikiliza, wanaita tena. Nikawatafuta nisiwaone. Siku ya pili nikarudi na dagaa kwa kikapu, nikamwaga kando ya maji, kama mjinga, kana kwamba mtoto wa kunyonya anakula dagaa. Mluzi ukawa mmoja. Siku ya tatu kukawa kimya.

Nilitoa waya zote. Nikampelekea baba, nikamwambia kila kitu. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Sasa umejua kwa nini babu yako aliweka sheria," akaendelea kula.

Baada ya Krismasi, mkuki uliposhuka, nikarudi Busia na ngozi mbili, madume, pigo moja kila mmoja. Hasina akafunga macho, akapitisha vidole. Nilikuwa kama mtu anangoja matokeo ya mtihani. Akafika mwisho, akarudi tena juu, kana kwamba anatafuta kosa.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

Nikamwambia ni baba yangu. Nikamwambia pia juu ya mluzi, na wale watoto, na kikapu cha dagaa. Hiyo sikuwa nimepanga kumwambia mtu. Akanisikiliza mikono ikiwa juu ya ngozi, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. Sawa, sasa hapo ndipo macho yaliingia, nakubali. Lakini mikono ilitangulia.

Mwaka wa sabini na sita wote nilikuwa mtu wa barabara ya Busia. Watu wakauliza Wesonga anapeleka nini kila wiki, wakati fisi maji wenyewe hawatoshi. Nilipeleka hata ngozi ya sungura. Yeye alikuwa akiniona kwa mbali anainama kwa kazi, na shingo yake inanicheka. Tuliongea juu ya ngozi tu, maana mamake, Bi Ziada, alikuwa anakaa nyuma ya pazia na masikio ya popo. Lakini kuna namna ya kuongea juu ya ngozi. Nikimwambia, "Hii ni laini," yeye anasema, "Imetunzwa vizuri," na sisi wote wawili tunajua hatuongei habari ya ngozi.

Niliposema nataka kumuoa Hasina na kuingia dini yao, kwetu nyumbani maneno ilikuwa mengi. Mama alilia, akauliza nani atamzika na katekista. Baba alikaa siku tatu bila kusema, halafu akasema Mungu ni mmoja, njia ya kwenda kwake mtoto ataichagua mwenyewe, yeye shida yake ni kwamba sasa atakunywa pombe na nani. Ikaisha hivyo. Kwa Chande ndiko ilikuwa ngumu.

Kabla ya Ramadhani aliniita ndani ya stoo, akafunga mlango. Alikuwa anajua. Alinieleza bila kupandisha sauti kwamba dini nikikubali ni jambo jema, lakini binti yake hatakwenda kwa mtu wa kubahatisha. Tajiri wa Nairobi alikuwa anataka ngozi arobaini za fisi maji, haraka. Akasema Idi ikipita wiki mbili, nije na wazee wangu na hizo ngozi arobaini. Nikileta, tutaongea. Nisipoleta, nisije.

Wewe hesabu miezi. Baada ya Idi mwaka huo ni mwezi wa kumi. Wakati wa kunyonyesha. Na ngozi arobaini hazipatikani kwa mkuki, hata ukiwa na mikono minne. Ni waya, na waya nyingi.

Nikamngoja Hasina pale nyuma, mahali wanaanika ngozi kwa fremu. Nikamweleza nikifikiri atanihurumia. Akasikiliza, akaendelea kukaza kamba.

"Ukileta hata moja yenye maziwa," akasema, "usinitafute tena."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia, "Sasa nifanye nini? Baba yako anataka ngozi, wewe hutaki. Mimi nioe ukuta?"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele. Nauliza. Wewe mwenyewe umekula hizo ngozi tangu uzaliwe. Hiyo leso umevaa ni nini kama si fisi maji?"

Nilijua nimemuumiza, lakini neno likitoka halirudi. Aliweka kamba chini. Alikuwa na machozi lakini sauti yake ilikuwa imesimama wima.

"Nimekula, na nimevaa, na nimesoma kwa hizo ngozi. Ndiyo maana sijawahi kukwambia usiwinde. Nimekwambia uwinde kama baba yako. Wesonga, mimi ndiye nashika kila mmoja. Wewe unaua, unaleta, unaenda. Mimi nabaki na vidole vyangu vikijua. Unataka siku ya harusi yangu nihesabu arobaini?"

Nikataka kushika mkono wake, akaurudisha nyuma ya mgongo. Tukaangaliana hivyo, katikati yetu ngozi ya mbuzi imetandazwa, na nakwambia mtu anaweza kuwa mbali sana na mtu ambaye angemfikia kwa hatua moja. Bi Ziada akaita kutoka ndani. Hasina akaenda. Hakugeuka.

Mwezi mzima wa Ramadhani sikumwona. Omagor alikuja Sio Port na mfuko umejaa waya, akaniambia boss, mwanamke ni huyo mmoja, fisi maji ni wengi, hesabu gani inakushinda. Nilizishika zile waya. Sitakudanganya kwamba sikuzishika. Nilikaa nazo kwa magoti kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Halafu nikamrudishia, nikamwambia akafunge nazo breki za watu.

Siku ikafika. Mimi, baba, na senge Euphrasia, dada mkubwa wa baba, mwanamke wa sauti kama ya mwenyekiti wa baraza. Nilikuwa na ngozi tisa tu za tangu Januari hadi Agosti, zile nilikuwa nimeziweka. Tisa, si arobaini. Baba aliniuliza njiani kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Na kweli nilikuwa nayo. Sijui ilitoka wapi, lakini asubuhi hiyo tumbo lilikuwa limetulia kama ziwa kabla ya upepo.

Tulifika baada ya sala ya adhuhuri. Bi Ziada alikuwa amepika pilau, harufu ilitupokea tangu barabarani. Lakini kwetu wakwe hawagusi chakula kabla maneno hayajaisha, kwa hivyo tukakaa kwa mkeka, tukasema asante, tutangoja. Senge akaona amani imezidi. Akafungua kikapu chake, akatoa sufuria imefungwa kwa kitambaa, akasema mkono mtupu haulambwi, yeye amekuja na kuku wake, jogoo, amemchinja mwenyewe asubuhi na kumpika kwa samli, kwa heshima ya nyumba hii.

Bi Ziada akaangalia dari. Mimi nikatamani mkeka unimeze. Mwaka mzima nafundishwa dini, na sikukumbuka kumwambia senge yangu kwamba kuku apelekwe hai.

Chande alikuwa mstaarabu. Akamweleza senge pole pole kwamba anashukuru sana, lakini wao hawali asiyechinjwa na Mwislamu. Senge akauliza kwani kuku anajua dini ya kisu. Baba akakohoa. Chande akatabasamu kidogo, na kwa sababu alikuwa mtu anapenda kufundisha, akaanza kueleza.

"Mama, si jina la mtu tu. Kwanza unataja jina la Mungu, kwa maana roho si yako. Kisha kuna huruma. Kisu kiwe kikali, kipite mara moja. Mnyama asikione kisu. Asichinjwe mwenzake mbele yake. Ukimpa maji kwanza ni vizuri zaidi. Kumtesa ni dhambi. Sisi tumefundishwa hivyo."

Baba yangu akainua kichwa. "Mara moja?" akauliza.

"Mara moja."

"Kwetu pia ni mara moja," baba akasema. "Pigo moja. Na mwenye mtoto haguswi." Yeye hakuwa mtu wa kuongeza neno juu ya neno.

Chande akageuka kwangu. Akaniuliza arobaini ziko wapi. Nikaweka zile tisa mbele yake. Akasema, "Hizi ni tisa."

"Ni tisa, mzee."

"Tulisema arobaini."

"Ulisema wewe, mzee, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa. Leo siogopi. Nikitaka arobaini sasa, natia waya, na nakuletea mama wanaonyonyesha. Nilifanya hivyo mara moja na nilisikia watoto wakiita siku mbili. Sitafanya tena, hata kwa Hasina. Na mimi nampenda Hasina, mbele ya baba yangu nasema, nampenda kuliko macho yangu."

Senge akasema jina la Yesu kwa sauti ya chini. Chande alikuwa amekunja uso. Akasema kijana, sasa unanifundisha huruma kwa nyumba yangu. Akasema yeye hawindi, yeye ananunua tu, kisu si chake.

Ndipo pazia likafunguka. Hasina alikuwa na ngozi mikononi, si yangu, ni ya vijana wengine walioleta wiki hiyo kwa ajili ya tajiri wa Nairobi. Hakuniangalia. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akaiweka kwa mapaja ya mzee upande wa nyama ukiwa juu.

"Baba," akasema, "nisomee hii. Mimi nimechoka kusoma peke yangu."

Mtu wa kazi ni mtu wa kazi, Nanjala. Mpe seremala ubao, atapitisha kidole kabla hajajua. Chande alifunga macho, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Na alikuwa na sifa moja kubwa. Hajawahi kudanganya juu ya ngozi, hata kwa faida yake.

"Jike," akasema. "Ananyonyesha. Watoto wadogo, hawajamaliza mwezi." Mkono ukashuka. "Waya. Mguu wa nyuma. Mfupa ulionekana." Mkono ukasimama. "Alijitafuna hapa. Alitaka kuacha mguu aende."

Alifungua macho, akakuta sisi wote tunamwangalia, na binti yake mbele yake yuko kwa magoti. Akatoa mkono kwenye ngozi kama imemchoma. Kule nje lori la ndizi lilikuwa linapiga honi mpakani.

"Mnataka nimwambie nini tajiri wa Nairobi?" akauliza mwisho, na haikuwa hasira tena, ilikuwa swali. "Nina watu wanakula kwa hii stoo. Mapenzi hayanunui unga."

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Usiku wa Ramadhani wewe unafikiri nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia mzee, ngozi ya waya imekatwa mguu, bei yake inashuka, wewe unajua kuliko mimi. Hizi tisa hazina alama. Tutakuletea za mkuki kutoka Januari mpaka Agosti, madume na wasio na watoto, chache lakini safi. Miezi ingine, kila siku ya soko Butula na Angurai wanachinja ng'ombe na mbuzi, ngozi zinatupwa kwa mbwa, mimi nina baiskeli. Na kule Sio Port akina mama wana omena hawana pa kuuza mvua ikinyesha. Wewe una stoo yenye paa.

"Na nyavu za wavuvi?" akauliza. "Mkiwaacha hao wanyama, wavuvi watawapenda?"

Baba akajibu kabla yangu. Alisema nyavu zilikuwa zinapasuka kabla ya tajiri wa Nairobi kuzaliwa, na zilikuwa zinashonwa. Yeye mwenyewe atashona.

Nanjala, mwaka uliofuata serikali ilifunga uwindaji wote, nchi nzima, na matajiri wengi wa ngozi walilia. Sisi tulikuwa tumeshajaza stoo omena. Lakini siku hiyo hakuna mtu alijua hilo. Siku hiyo nilikuwa tu kijana na ngozi tisa, na mzee ananitazama kama anatafuta kosa kwenye ngozi yangu mimi.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alikunja ile ngozi ya jike vizuri sana, akaiweka kando, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Aliporudi akasema, "Ziada, leta chakula. Watu wametoka mbali."

Nikafikiri anatulisha kwa adabu ili turudi kwetu. Hasina alikuwa amesimama kwa pazia na birika la kunawa. Baba akaangalia kofia yake. Bi Ziada akaleta sinia ya pilau, akaiweka katikati ya mkeka, na vile alikuwa mkarimu kwa wageni, akataka kukaa hapo hapo kando yangu anisukumie nyama.

Chande akainua mkono. "Wewe Ziada, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Si nyumba yangu?"

"Kaa nyuma ya pazia. Kwa hawa watu mama mkwe hali sinia moja na mkwe wake. Ni aibu."

Nyinyi siku hizi mnakula na mama mkwe meza moja mnapigana viwiko, sawa. Wakati wetu, hata kivuli cha mama mkwe ulikikwepa. Na Chande, miaka thelathini na sisi, alijua hilo vizuri kabisa, na alijua amesema nini. Senge Euphrasia ndiye alielewa wa kwanza. Alishika mdomo kwa mikono miwili, akaanza kulia na kucheka pamoja. Baba akatoa pumzi ndefu kama mtu ametua mzigo. Bi Ziada alisimama pale mkeka mzima unamwangalia, akageuka kunitazama mimi, halafu binti yake, halafu akavuta kanga kichwani kwa haraka na kwenda nyuma ya pazia, karibu akimbie, kwa sababu sasa na yeye alikuwa na haya ya mama mkwe.

Hasina akaja na birika. Aliponimiminia, maji yalienda pembeni, yakalowesha goti la baba, na hakuna aliyemwambia kitu.

Chande akasema bismillahi, baba akafanya ishara yake ya msalaba, kila mtu na lake. Senge akafungua sufuria ya jogoo wake upande wetu, akasema basi huyu ni wa Wakristo, msimtamani. Akina mama wakajipanga ndani, sisi nje, pazia katikati. Nilikuwa nimeshika tonge la kwanza wakati sauti ikaja kutoka kule nyuma, nyembamba, ya mtu hajazoea kuongea bila kuonekana, ikauliza kama mkwe ameonja, na kama chumvi imetosha.

"Imetosha, mama," nikasema.

Hapo ndipo nikamsikia Hasina, aliyekuwa bado amesimama nyuma ya pazia, naye akiketi.